Tukio Moja au Mawili? Istilahi za Kugawana Hasara Katika Bima

Lugha ya kila siku huvumilia maneno yenye maana nyingi. Mtu akisema kwamba jana kulitokea jambo kubwa bandarini, msikilizaji huweza kuuliza ni jambo gani, naye akajibiwa, na mazungumzo yakaendelea. Lugha ya mkataba haina nafasi hiyo. Aghalabu mkataba husomwa kwa makini siku ile ambayo waliotia sahihi wameshatofautiana, na kila upande hulisoma neno kwa namna inayoufaa. Kwa sababu hiyo, istilahi ya sheria au ya biashara haitoshi kuwa tamu masikioni. Haina budi kuwa na mipaka.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi makampuni ya bima yanavyogawana hasara baada ya maafa makubwa, na kuonyesha kwamba ugawaji huo wote huweza kutegemea neno moja tu, yaani tukio. Tumeuchagua uwanja huu kwa kuwa bima imeingia katika maisha ya wananchi wengi, akiwemo mwenye gari, mwenye duka na mwanachama wa ushirika. Ilhali mikataba mikubwa iliyo nyuma ya bima hizo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Anayetaka kuieleza kwa Kiswahili hujikuta akitumia neno moja kwa mambo matatu, au maneno matatu kwa jambo moja.

Bima ya mwenye kutoa bima

Neno bima lilitufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Wahindi na Waajemi nao hulitumia kwa maana hiyo hiyo. Kiswahili kililipokea na kuliundia misemo yake. Twasema mtu amekata bima kama tusemavyo kwamba amekata tikiti. Anayekata ni mteja, wala si kampuni. Hata hivyo, kwa kuwa wengine humwita mteja huyo "mkata bima" na wengine "mkatiwa bima", sisi hapa tutamwita mwenye bima, na kampuni tutaiita mtoa bima, ili msomaji asibabaike.

Msingi wa bima ni mchango. Wengi hutoa kidogo kidogo, na yule aliyepatwa hufidiwa kutokana na mchango huo. Msingi huu ni imara maadamu wanaopatwa kwa wakati mmoja ni wachache. Nyumba moja ikiungua Tanga na nyingine ikiungua Mwanza, mtoa bima hulipa bila ya kutikisika. Lakini mji mzima ukiungua kwa usiku mmoja, waliochanga na waliopatwa huwa ni watu wale wale. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakizimi moto wa mji.

Haya si mambo ya kubuni. Mwezi wa Mei 1842 moto uliuteketeza mji wa Hamburg, nchini Ujerumani, kwa siku kadhaa, na mifuko ya bima ya moto ikazidiwa. Mwaka 1846 iliasisiwa mjini Köln kampuni ambayo kazi yake ilikuwa kuyapa bima makampuni mengine ya bima. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 1861 sehemu kubwa ya mji wa Glarus, nchini Uswisi, iliteketea vivyo hivyo. Na mwaka 1863 ikaanzishwa mjini Zürich kampuni ambayo leo hujulikana ulimwenguni kwa jina la Swiss Re. Afrika nayo ilifuata njia hiyo. Kenya ilianzisha shirika lake kwa sheria ya mwaka 1970. Nchi za Afrika zilitia sahihi mjini Yaoundé, mwaka 1976, mkataba wa kuunda Africa Re. Na Tanzania ilipata kampuni yake, Tan-Re, iliyoanza kazi mwaka 2004.

Biashara hii tutaiitaje? Mtu angeweza kusema "bima ya pili", lakini jina hilo lapotosha, maana humfanya msikilizaji afikiri juu ya mteja aliyekata bima mara mbili kwa mali ile ile. "Bima ya bima" ni maelezo, si istilahi; nayo haionyeshi shabaha ya jambo lenyewe. Jina lililokwisha kupata wenyeji nchini Tanzania ni bima mtawanyo, nasi twaliunga mkono. Mbegu zikitawanywa katika mashamba mengi, mvua ya mawe ya shamba moja haimfilisi mkulima. Ndivyo hasara inavyotawanywa katika mifuko mingi na nchi nyingi, ili pigo la mahali pamoja lisimwangushe mmoja.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwenye bima hahusiki na mtawanyo huo. Yeye ana mkataba na mtoa bima wake tu, naye humdai huyo peke yake. Mtoa bima hawezi kumwambia asubiri mpaka fedha zifike kutoka Lagos au Zürich. Kampuni inayotawanya hatari yake tutaiita mtawanyaji, na ile inayoipokea tutaiita mpokezi. Mpokezi naye huweza kuitawanya sehemu ya aliyoyapokea kwa wapokezi wengine, na huo ndio mtawanyo wa pili.

Njia mbili za kugawana

Kwa jumla kuna njia mbili. Ya kwanza ni mtawanyo wa sehemu. Hapa mtawanyaji na mpokezi hukubaliana tangu mwanzo juu ya fungu la kila mmoja. Wakikubaliana kwamba mtawanyaji achukue asilimia 30 na mpokezi asilimia 70, basi ada ya bima hugawanywa hivyo, na hasara hugawanywa hivyo hivyo, iwe ndogo au kubwa. Njia hii haileti ugomvi mwingi wa maneno, kwa kuwa kila shilingi ya hasara hukatwa kwa kisu kile kile.

Njia ya pili ni mtawanyo wa ziada. Katika njia hii mtawanyaji huibeba mwenyewe hasara yote mpaka kikomo fulani, na mpokezi huilipa ile iliyozidi hapo. Kiasi ambacho mtawanyaji hubaki nacho twapendekeza kiitwe bakizo. Hatukuchagua neno bakaa kwa sababu wahasibu wamekwisha kulitumia kwa salio la hesabu. Bakaa ni kile kilichosalia baada ya kutoa, ambapo bakizo ni kile ambacho mtu amekusudia kujibakizia. Juu ya bakizo hupangwa tabaka moja baada ya jingine, na kila tabaka huwa na wapokezi wake. Tabaka la chini hufikiwa mara kwa mara, kwa hiyo ada yake ni ya juu. Tabaka la juu hufikiwa kwa nadra, na ada yake huwa nafuu kwa kulinganisha na kinga inayotolewa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kampuni moja ina bakizo la shilingi bilioni 5 kwa kila tukio. Tabaka la kwanza hulipa bilioni 10 zinazofuata. Tabaka la pili hulipa bilioni 25 zilizo juu ya hapo. Basi kinga yote hukoma kwenye bilioni 40, na hasara inayozidi kiasi hicho humrudia mtawanyaji.

Sasa mafuriko yalete hasara ya bilioni 32. Ikiwa hilo ni tukio moja, kampuni italipa bilioni 5, tabaka la kwanza bilioni 10, na tabaka la pili bilioni 17. Lakini ikiwa wataalamu watasema kwamba yalikuwa matukio mawili ya bilioni 16 kila moja, hesabu hubadilika mara moja. Kampuni italipa bakizo mara mbili, yaani bilioni 10. Tabaka la kwanza litalipa bilioni 20, kama mkataba waruhusu kinga yake irejeshwe baada ya kutumika. Na tabaka la pili litalipa bilioni 2 tu badala ya 17. Kama kinga hairejeshwi, zile bilioni 10 za mara ya pili zitaiangukia kampuni yenyewe.

Msomaji ataona kwamba maji ni yale yale, nyumba zilizobomoka ni zile zile, na jumla ya hasara haikuongezeka hata senti moja. Kilichobadilika ni hesabu ya neno, na neno hilo limehamisha mabilioni kutoka mfuko huu hadi mfuko ule.

Wakaazi wa Christchurch, huko New Zealand, walipata kuyaona haya kwa macho yao. Tetemeko la tarehe 4 Septemba 2010 lilifuatwa na jingine la tarehe 22 Februari 2011, lililoua watu 185. Hayo yalikuwa matukio mbalimbali, na kila moja lilikuwa na bakizo lake na kinga yake. Kampuni ya bima ya AMI, iliyokuwa na wateja wengi katika mji huo, ilizidiwa na mfululizo huo, na mwezi wa Aprili 2011 serikali ikalazimika kuiahidi msaada wa dola milioni 500 za nchi hiyo ili wenye bima wasiachwe mikono mitupu.

Kwa kutambua hatari hiyo, waandishi wa mikataba ya bima mtawanyo wamezoea kuiwekea dhana ya tukio mpaka wa saa. Kwa dhoruba na tetemeko la ardhi mpaka uliozoeleka ni saa 72. Kwa mafuriko mara nyingi huwa saa 168, yaani juma zima. Hasara zote zitokazo na dhoruba moja ndani ya saa hizo huhesabiwa kuwa tukio moja, na kwa kawaida mtawanyaji ndiye hupewa haki ya kuchagua saa ya kuanzia. Hapa neno la kawaida limepimwa kwa saa kama kitambaa kinavyopimwa kwa mita. Ndivyo istilahi inavyotakiwa iwe.

Dakika zisizofika 17

Mfano mkubwa kuliko yote wa gharama ya neno lisilo na mpaka ulitokea New York. Mwezi wa Julai 2001 kundi la wawekezaji likiongozwa na Larry Silverstein lilikodi majengo ya World Trade Center kwa muda wa miaka 99. Majengo hayo yalikatiwa bima ya kiasi cha dola bilioni 3.5 kwa kila tukio. Hakuna kampuni moja iliyoweza kuibeba bima hiyo peke yake; makampuni yapatayo 24 yaligawana, kila moja na fungu lake. Swiss Re ilichukua fungu kubwa kuliko wengine, lililokaribia dola milioni 877.

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001 ndege ya kwanza iliupiga mnara wa kaskazini saa 2:46, na ya pili ikaupiga mnara wa kusini saa 3:03. Kati ya mapigo hayo zilipita dakika zisizofika 17. Maelfu ya watu walikufa, na minara yote miwili ikaanguka. Baada ya msiba huo likaja swali ambalo kwa mtu asiyejua mambo ya bima lingeonekana kuwa la kitoto: je, lilikuwa tukio moja au mawili? Kama ni moja, wawekezaji wangelipwa dola bilioni 3.5. Kama ni mawili, wangeweza kudai kiasi cha bilioni 7.

Kila upande ulikuwa na hoja. Wawekezaji walisema kwamba ndege ni mbili, majengo ni mawili, na kuanguka ni kuwili. Watoa bima walisema kwamba shauri ni moja, waliolipanga ni wale wale, na siku ni moja. Lugha peke yake haikuweza kuamua, kwa kuwa maneno yote hayo ni ya kweli.

Jambo lililozidisha utata ni kwamba siku ile hati kamili za bima zilikuwa bado hazijatolewa kwa sehemu kubwa. Palikuwa na makubaliano ya awali tu, na makampuni hayakuwa yametumia mfano mmoja wa hati. Mfano mmoja, ulioandaliwa na dalali wa bima, ulikuwa na fasili ya tukio: hasara zote zitokanazo na chanzo kimoja, au na mfululizo mmoja wa vyanzo vinavyofanana, zijumlishwe na kuhesabiwa kuwa tukio moja. Mfano mwingine, uliotoka katika kampuni ya Travelers, ulilitumia neno hilo bila ya kulifasili hata kidogo.

Basi mahakama haikuuliza kwanza ni nini kilichotokea angani. Iliuliza ni kampuni ipi iliyofungwa na hati ipi. Katika mwezi wa Aprili na Mei 2004 baraza la kwanza la wazee wa mahakama liliamua kwamba makampuni mengi yaliyokuwa mbele yake, ikiwemo Swiss Re, yalifungwa na hati yenye fasili. Kwa hao lilikuwa tukio moja. Mwezi wa Desemba 2004 baraza la pili lilishughulikia makampuni tisa yaliyofungwa na hati isiyo na fasili. Kwa kuwa neno halikuwa limefafanuliwa, baraza liliachiwa lipime jinsi ambavyo wafanyabiashara wangelielewa. Nalo likaamua kwamba kwa hao tisa yalikuwa matukio mawili. Mahakama ya rufani iliyathibitisha maamuzi hayo mwaka 2006, na mwaka 2007 makampuni saba yaliyokuwa yakiendelea kushindana yalikubali kulipa dola bilioni 2. Malipo yote yakafikia kiasi cha dola bilioni 4.55.

Hivyo, kwa sheria, asubuhi ile ile ilikuwa tukio moja kwa kampuni hii na matukio mawili kwa kampuni ile. Hapana aliyesema uongo. Tofauti ilikuwa sentensi moja, ambayo hati moja ilikuwa nayo na nyingine haikuwa nayo. Miaka karibu sita ya mashtaka ilipita huku kiwanja kikingoja kujengwa.

Hasara zote za bima zilizotokana na siku hiyo zilizidi dola bilioni 30, na kiasi cha thuluthi mbili zilibebwa na wapokezi wa bima mtawanyo. Mtawanyo ulifanya kazi yake: pigo la mji mmoja lilihisiwa London, Zürich na München, na soko halikuvunjika. Hata hivyo wapokezi walianza kuondoa ugaidi katika kinga zao, na mwezi wa Novemba 2002 serikali ya Marekani ikapitisha sheria ya kubeba sehemu ya hasara za namna hiyo.

Mtawanyo usiotawanya

Si haki tuache jina bima mtawanyo likapita kana kwamba daima hutimiza ahadi yake. Mwaka 1988 mtambo wa mafuta wa Piper Alpha ulilipuka katika Bahari ya Kaskazini, na watu 167 wakafa. Katika soko la Lloyd's la London wapokezi walikuwa wamezoea kutawanyiana hatari wao kwa wao. Madai yaliyotoka kwa mmoja yalipita kwa wa pili na wa tatu, kisha yakamrudia wa kwanza, na jumla ya madai yaliyozunguka ikazidi hasara yenyewe mara nyingi. Waliodhani wamekwisha kuitupa hatari mbali walikuta imewarudia kwa mlango wa nyuma. Basi hatari haikutawanywa; ilizungushwa. Mtaalamu wa istilahi anapaswa kuitambua tofauti hiyo, ili siku yakitokea mambo kama hayo katika lugha yetu tuyaite mzunguko wa hatari, tusiyafunike kwa jina zuri la mtawanyo.

Mapendekezo

Katika Kiswahili maneno tukio, ajali, janga na maafa hutumika kwa kubadilishana, hata katika taarifa rasmi. Kwa mazungumzo hakuna ubaya. Kwa mikataba twapendekeza yatenganishwe, pamoja na istilahi nyingine tulizozitumia, kama ifuatavyo:

Ajali: jambo la ghafla, lisilokusudiwa na aliyepatwa, lenye kuleta madhara.

Janga: jambo lenye kudhuru watu au mali nyingi kwa pamoja, bila ya kujali lilihesabiwaje katika mkataba.

Maafa: madhara yaliyoachwa na janga, yaani vifo, uharibifu na dhiki.

Hasara: kiasi cha fedha ambacho madhara yamekadiriwa nacho.

Tukio: jumla ya hasara zinazohesabiwa pamoja kwa sababu zina chanzo kimoja, ndani ya eneo na muda uliotajwa. Neno hili lisitumiwe katika mkataba bila ya kutaja chanzo, eneo na muda.

Mtawanyaji: mtoa bima anayeipeleka sehemu ya hatari yake kwa mwingine.

Mpokezi: kampuni inayoipokea hatari hiyo kwa malipo ya ada.

Bakizo: kiasi cha hasara ya kila tukio ambacho mtawanyaji hukibeba mwenyewe.

Tabaka: sehemu ya kinga iliyo kati ya kikomo cha chini na kikomo cha juu.

Urejeshaji wa kinga: kuifanya kinga iliyokwisha kutumika ipatikane tena kwa tukio jingine, aghalabu kwa ada ya nyongeza.

Kati ya hizi twatilia mkazo zaidi tukio, kwa sababu ndilo neno la kawaida kuliko yote. Istilahi ngeni humwonya msomaji kwamba ana la kuuliza. Neno la nyumbani humpumbaza. Hulipita akidhani amelielewa. Waliotia sahihi zile hati za New York hawakushindwa na neno gumu. Walishindwa na neno ambalo kila mtoto wa shule wa huko alilijua.

Twawakaribisha wasomaji wetu, hasa wanasheria, mawakala na madalali wa bima, pamoja na walimu wa biashara, watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi. Ikiwa kuna neno ambalo wenye kazi wameshalizoea na lina mipaka iliyo wazi kuliko tuliyoyapendekeza, tutakuwa wa kwanza kulipokea.